Bastola ya Bingwa na Mkono wa Mnunuzi

Kila mtu anayeingia katika mchezo wa shabaha za vitendo huanza na swali moja: ninunue bastola gani? Nimelisikia mara nyingi kiasi cha kuona kwamba lina kasoro hata kabla ya kujibiwa. Aghalabu anayeuliza hana haja ya jawabu. Anataka kuungwa mkono. Amekwisha kuona picha ya bingwa, amelisoma jina lililochorwa ubavuni mwa silaha ya bingwa, na sasa anatafuta mtu mzima wa kumwambia kwamba moyo wake haukukosea. Makala haya nayaandika ili kumnyima mtu huyo raha hiyo.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Mshindani husimama bastola ikiwa ndani ya ala kiunoni. Kipima muda kinapolia huichomoa, akapita mbio baina ya kuta za mbao zilizosimamishwa uwanjani, akilenga vipande vya kadibodi na vibao vya chuma ambavyo kila mara hupangwa kwa namna nyingine. Alama alizopata hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Kwa hiyo mwenye shabaha kali aliye mzito wa miguu hushindwa, na mwepesi asiyelenga hushindwa vilevile. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, lilizaliwa Mei 1976 katika mkutano uliofanywa Columbia, Missouri, huko Marekani. Rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, askari wa zamani wa Marines na mwandishi mwenye kalamu kali. Walijichagulia kaulimbiu ya maneno matatu ya Kilatini: Diligentia, Vis, Celeritas. Yaani usahihi, nguvu na kasi.

Usahihi na kasi hazina ubishi. Ni hilo neno la katikati lililoleta kizaazaa, na ndilo linalomtia mnunuzi hasara mpaka leo.

Cooper aliamini kwamba bastola ya mtu makini ni ile ya kipenyo cha .45, na kwamba risasi ndogo ni mzaha. Imani hiyo ikaingizwa katika kanuni kwa njia ya hesabu. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa kipimo cha greni, uzidishe kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha ugawanye kwa 1,000. Risasi ya .45 yenye kichwa cha greni 230 na mwendo wa futi 750 hutoa 172.5. Risasi ya 9 mm yenye kichwa cha greni 124 na mwendo wa futi 1,050 hutoa 130.2. Katika Daraja la Kawaida, anayefikia 170 huhesabiwa kuwa na nguvu kubwa. Aliye chini ya hapo, mradi hapungui 125, huhesabiwa kuwa na nguvu ndogo. Wote wawili wakipiga katikati ya kadibodi, eneo la A, hupata alama 5 sawasawa. Lakini wakiteleza hadi eneo la C, mwenye nguvu kubwa hupewa 4 na mwenzake 3. Wakiteleza zaidi hadi D, ni 2 kwa 1.

Hapo ndipo mafundi wa maneno husimama na kusema: unaona? Nunua yenye nguvu kubwa! Nami huwaomba tuketi na kalamu. Tuseme kituo kina risasi 24, na mlengaji amepiga 18 katika A na 6 katika C kwa sekunde 20. Kwa nguvu kubwa ana alama 114, ambazo ni 5.70 kwa sekunde. Kwa nguvu ndogo ana 108, ambazo ni 5.40. Ili huyu wa pili amfikie mwenziwe yampasa amalize kwa sekunde 18.95, yaani apunguze sekunde moja na chembe. Ukiigawa sekunde hiyo katika risasi 24, kila risasi inadaiwa chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Bastola isiyorusha teke kali hurudi kwenye shabaha mapema, na deni dogo kama hilo hulilipa. Na tazama jambo jingine: mlengaji huyohuyo akipiga 22 katika A na 2 tu katika C, tofauti baina ya nguvu mbili hizo ni alama mbili, 118 kwa 116. Kadiri mtu anavyolenga vizuri, ndivyo faida ya nguvu inavyoyeyuka. Kwa hakika basi, nguvu kubwa ni ruzuku inayotolewa kwa makosa. Mtu anayejifunza hufanya makosa mengi, na kwa hivyo hudhani ruzuku hiyo imewekwa kwa ajili yake; lakini teke la silaha hiyo ndilo litakalomzuia kujifunza.

Wala si nadharia tupu. Mwaka 1977 mashindano ya dunia yalifanyika Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Mshindi alikuwa Dave Westerhout, mwenyeji, naye alitumia Browning High Power ya 9 mm. Kanuni zilizoandikwa kwa mapenzi ya .45 zikashindwa na mtu mwenye risasi ndogo, mwaka mmoja tu baada ya shirikisho kuundwa.

Siwezi kuutaja mwaka huo na mji huo nikapita kama asiyeona. Mwaka 1977 Rhodesia ya Ian Smith ilikuwa vitani dhidi ya wenye nchi, na neno «vitendo» mahali pale halikuwa neno la mchezo. Sisi Waafrika tunaoupenda mchezo huu leo tumerithi kitu chenye historia, na heri kukirithi macho yakiwa wazi. Ndiyo sababu napenda kadibodi ile isiyo na kichwa wala mabega, yenye pembe butu, ambayo shirikisho liliibuni ili shabaha isifanane na binadamu. Wapo wanaoibeza kwa kusema kwamba imeuondolea mchezo ukweli wake. Kwangu mimi iliuondolea aibu.

Sasa nizitazame bastola zenyewe, kama mhakiki anavyotazama vitabu mezani.

Ile ya kwanza ni 1911, kazi ya John Moses Browning, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka huohuo inaoutaja. Kifyatulio chake, au triga kama wasemavyo askari, hakizunguki kwenye msumari. Kinarudi nyuma moja kwa moja kama droo ya meza, kifupi na kikavu. Zaidi ya karne imepita na waundaji wengi wangali wanatafuta triga kama hiyo. Mpini wake ni mwembamba, kwa sababu risasi ndani yake zimepangwa safu moja, na mikono mingi huupenda. Lakini sifa na lawama hutoka mahali pamoja: safu moja ni risasi chache. Katika Daraja la Kikale, lililotengwa kwa bastola za aina hii, mwenye nguvu kubwa haruhusiwi kutia zaidi ya risasi 8 katika magazini. Kituo kirefu huweza kudai risasi 32. Piga hesabu ya mara ambazo utabadilisha magazini ukiwa mbioni, jasho likikuingia machoni, nawe utaelewa kwa nini naiita bastola ya watu waliokwisha kuhitimu. Isitoshe, hubebwa nyundo ikiwa imeinuliwa na kufuli ya usalama ikiwa imefungwa. Kufuli hiyo lazima ifunguliwe kila bastola inapotoka alani, na ifungwe kila inaporudi. Mkono uliozoea hufanya hivyo bila kufikiri. Mkono mgeni husahau, na katika mchezo huu risasi moja inayotoka pasipokusudiwa yatosha kumpeleka mtu nyumbani siku hiyo, hata angekuwa anaongoza.

Ya pili ni ile ambayo Mkenya yeyote msomaji wa magazeti anaijua kwa jina moja: Ceska. Jina hilo limechapishwa katika habari za uhalifu miaka nenda miaka rudi, bastola aina ya Ceska ikiwa imepatikana hapa, Ceska na risasi kadhaa pale, mpaka likawa kama jina la ugonjwa. Watu wachache hujua kwamba ni neno la Kicheki lenye maana ya «ya Kicheki», na kwamba kiwanda kinaitwa Česká zbrojovka, kiwanda cha silaha cha Wacheki, kilichoko Uherský Brod. Huko, mwaka 1975, František Koucký alibuni CZ 75, na hii kwangu ndiyo bastola iliyosanifiwa kwa akili kuliko zote tunazozizungumzia. Slaidi yake haipandi juu ya fremu kama zilivyo nyingi. Inateleza ndani yake. Kwa hiyo mtutu hukaa chini, karibu na mkono, na teke halipati wenzo mrefu wa kuinua pua ya silaha. Mpini umechongwa kama ulivyochongwa na mtu aliyewahi kushikana mikono na watu. Viwanda vingine viliiga sana ubunifu huo, na kati yao Tanfoglio wa Italia waliuendeleza hadi wakafika nao kwenye ubingwa wa dunia.

Mama yangu alipolisikia jina Ceska nyumbani alinitazama kwa muda, kisha akauliza, «Mwanangu, hicho chombo kina kheri gani?» Nilimweleza habari za kadibodi, za sekunde na za kanuni, za msimamizi anayemfuata mshindani hatua kwa hatua, na za bastola inayokaguliwa kuwa tupu kabla ya kurudi alani. Alisikiliza hadi mwisho. «Haya,» akasema, «lakini usikilaze chumba kimoja na wajukuu zangu.» Sanduku la chuma lilinunuliwa kabla ya ala, na yeyote anayeniuliza habari za bastola humwambia aanzie hapo, kwenye sanduku. Wengi hawalipendi jawabu hilo kwa sababu halina picha ya bingwa.

Ila CZ ina dosari yake, na wauzaji huipita kimyakimya. Katika Daraja la Kiwandani, bastola yenye nyundo ya nje lazima ianze nyundo ikiwa imelala. Risasi ya kwanza basi huivuta triga safari ndefu na nzito, inayoinua nyundo na kuiangusha. Zile zinazofuata huwa fupi na nyepesi. Ni bastola mbili katika mpini mmoja. Mwanzilishi hufanya mazoezi ya ile ya pili, kwa kuwa ni tamu, na mashindano humdai ile ya kwanza katika kila kituo, mara tu king'ora kinapolia, moyo ukiwa umepanda kooni. Kuishusha nyundo nako, ilhali risasi imo chemba, ni kazi inayotaka utulivu, na nimeona watu wazima wakiifanya huku wakiongea.

Ya tatu ni Glock. Gaston Glock wa Austria hakuwa mtu wa bastola. Hakuwahi kubuni hata moja kabla ya ile iliyopokewa na jeshi la nchi yake mwaka 1982. Labda ndiyo maana alithubutu. Fremu ni ya plastiki ngumu, hakuna nyundo ya nje wala kufuli ya kufunguliwa kwa dole gumba, na triga ni ileile kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Wapenzi wa 1911 huiita sururu. Naam, ni sururu; na shamba hulimwa kwa sururu na jembe, halilimwi kwa saa ya mfukoni. Hiyo triga yake haina utamu wowote, inabonyea kama sifongo kisha inagota, lakini haikudanganyi: unachokizoea nyumbani ndicho unachokikuta uwanjani. Ukiivunja, vipuri vinapatikana. Ukichoka nayo, kuna mtu wa kuinunua.

Lawama yangu kuu haiziangukii bastola hizi tatu. Inaliangukia neno «kiwandani». Daraja hilo lilianzishwa mwaka 2000 ili mtu wa kawaida, mwenye bastola ya kawaida iliyotoka kiwandani jinsi ilivyo, aweze kushindana bila kusagwa na mashine za Daraja la Huria, zenye vipoza teke mdomoni mwa mtutu na darubini za nukta nyekundu. Lilikuwa wazo la haki. Viwanda vikafanya nini? Vikaanza kutengeneza bastola za mashindano, vikaziweka katika katalogi, na kwa kuwa zimetoka kiwandani zikawa ni za kiwandani. CZ Shadow 2, iliyotoka mwaka 2016, ina uzito wa kama gramu 1,330. Glock 17 pamoja na magazini yake tupu ina kama gramu 700. Hiyo ya kwanza ni karibu maradufu ya hii ya pili, na uzito huo wote umewekwa ili pua isipande. Nimeipiga, na ni silaha nzuri mno. Unaona alama ya mbele ikipanda na kushuka mahali pamoja kama pikipiki kwenye tuta dogo. Lakini ni nani atakayeifunga kiunoni toka asubuhi hadi magharibi? Ukiniuliza kama ni bastola ya vitendo, nitakuuliza vitendo vya nani.

Cooper alikuwa akilalamika hivyo hivyo hadi alipofariki mwaka 2006, kwamba mchezo wake ulitekwa na wacheza michezo. Katika hilo sikubaliani naye kabisa. Alitunga kanuni yenye kuzawadia kasi na nguvu, kisha akashangaa kuona vijana wakitafuta kasi na nguvu. Katika miaka ya 1980 Rob Leatham na Brian Enos walichukua risasi ya .38 Super, nyembamba lakini yenye kufika kwenye nguvu kubwa, wakaipa umaarufu uwanjani. Hawakuvunja kanuni, waliisoma. Tukitaka kumlaumu mtu, tumlaumu aliyeandika, maana msomaji hodari hana kosa.

Na hao mabingwa wenyewe je? Leatham amepiga kwa miaka mingi na bastola za Springfield Armory. Eric Grauffel wa Ufaransa, bingwa wa dunia tangu mashindano ya Cebu ya mwaka 1999 na mara nyingi baadaye, alishinda kwa Tanfoglio, kisha akahamia CZ, na hakuna aliyeona akipunguka. Jina ubavuni ni mkataba wa biashara baina yake na kiwanda. Anayeinunua bastola hiyo kwa ajili ya jina anajipa sehemu ya mkataba asioutia saini, na iliyo mbaya zaidi ni kuwa yeye ndiye anayelipa.

Nina sababu ya kuwa mkali hapa. Binti ami yangu aliamua kuingia mchezo huu baada ya kunifuata uwanjani miezi kadhaa. Ni muuguzi, mikono yake ni midogo, na alikuwa amechukua mkopo wa SACCO. Kabla hajafika kwangu alikuwa amekwisha kushauriwa na wanaume watano. Mmoja alimwambia achukue .45 ili «aheshimiwe». Wa pili alimsifia Shadow 2 kwa kuwa yeye mwenyewe anayo. Wa tatu, ndiye aliyenikera zaidi, alimchagulia bastola ndogo ya kutia mkobani kwa sababu ni mwanamke. Kana kwamba bastola ndogo ina teke dogo, hali kila mtu aliyewahi kuipiga anajua kinyume chake. Hata mmoja wao hakumwambia: nipe mkono wako niuone.

«Kaka,» akaniambia, «kila mtu ananipa bastola yake. Hakuna anayenipa yangu.»

Kipimo chenyewe si siri. Silaha ikishahakikiwa kuwa tupu, na ikahakikiwa tena na mtu wa pili, ishike mpini juu kabisa, mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa kigasha. Sasa peleka kidole kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole yapasa ikae katikati ya triga bila ya wewe kuuzungusha mpini kiganjani. Ukilazimika kuuzungusha, teke litasukuma kifundo cha dole gumba badala ya mkono, na kila risasi itakuhamisha kidogo. Kisha jaribu kulifikia tufe la kuachilia magazini. Halafu vuta slaidi mara ishirini, si mara moja, kwa maana mara moja kila mtu ni pahalawani. Katika CZ aliyopewa kujaribu, kidole cha binti ami yangu kilifika kwenye triga nyundo ikiwa juu, lakini nyundo ikilala triga ilisogea mbele na kidole kikabaki na ncha ya kucha. Mashauri ya wanaume watano yakaanguka kwa kiasi cha nusu sentimita.

Kwetu Kenya kosa la namna hii ni zito kuliko kwingine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kununua wala kumiliki silaha bila cheti, na cheti chenyewe hutaja silaha na kiasi cha risasi anachoruhusiwa mwenyewe kuwa nacho. Humo hamna kurudisha dukani kama kiatu kinachobana. Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, na waliokuwa na bastola walizozinunua kwa pupa walijikuta wakieleza mbele ya maofisa sababu ya kuwa nazo. Mwenye kuchagua kwa hoja alikuwa na la kusema.

Na huo mkopo wa SACCO haukomi kwenye bastola. Mtu akipiga risasi 200 kwa wiki, kwa mwaka ni 10,400. Hesabu hiyo, kwa bei yoyote ya risasi utakayoiweka, huipita bei ya silaha. Hapo ndipo 9 mm inaposhinda hoja zote za Cooper bila hata kuingia uwanjani: ni rahisi kuliko .45 na .40, inapatikana, na mkono hauchoki mapema. Mimi humwambia mwanzilishi agawe fedha zake mafungu mawili, na bastola isizidi moja. Fungu la pili ni risasi, magazini nne au tano za kweli zilizotengenezwa na kiwanda kilekile, na ala ngumu isiyojikunja mdomo. Nimeona bastola za bei kubwa zikikwama kwa magazini za bei ndogo, tena katikati ya kituo, mwenyewe akiigonga kwa kiganja kama mtu anayebisha hodi katika nyumba isiyo na watu.

Binti ami yangu alichukua Glock iliyotumika, yenye kubadilishwa mgongo wa mpini. Wale watano walicheka. Mazoezi yake mengi huyafanya nyumbani bila risasi hata moja chumbani, dakika kumi kila usiku akitoka zamu, akiichomoa na kuibonyeza triga mbele ya ukuta mtupu. Triga ambayo ni ileile kila mara humfaa mtu aliyechoka.

Limebaki jambo la macho, na hili nalisema kwa niaba ya wenzangu tuliovuka hamsini. Alama za kulengea za chuma hutaka jicho liione ile ya mbele kwa ukali, na kadibodi ibaki na ukungu. Jicho la kijana hufanya hivyo bila kuambiwa. Langu haliwezi tena. Alama ya mbele imekuwa kama unywele ndani ya maziwa. Darubini ya nukta nyekundu huondoa kazi hiyo: unaitazama shabaha, na nukta inakuja yenyewe. Doug Koenig alipoutwaa ubingwa wa dunia huko Adelaide mwaka 1990 kwa bastola yenye darubini ya aina hiyo, wengi walisema huo ndio mwisho wa vitendo, kwamba hakuna askari atakayebeba kioo juu ya bastola. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola mpya, M17, ambayo slaidi yake imetayarishwa kupokea darubini. Kioo kilichochekwa uwanjani kikaenda vitani, na shirikisho nalo limeweka daraja la bastola za kiwandani zenye darubini. Basi huenda nimewahukumu vikali mno hao wacheza michezo. Mwanasesere wao mmoja amekuwa chombo.

Mwaka jana nilifunga yangu. Kwa wiki tatu nilikuwa naitafuta hiyo nukta kama mtu aliyeangusha sindano, maana mkono uliozoea alama za chuma huileta silaha chini kidogo. Kisha siku moja ikawa iko pale. Binti ami yangu, ambaye macho yake hayana kasoro na hana haja nayo hata kidogo, ameniomba aijaribu Jumamosi. Nimemwambia alete risasi zake.